Nembo Mbili Kwenye Skrini: Jinsi ya Kujua Kama Safari ya Ndege Uliyokata Mtandaoni Ni Tiketi Moja au Ni Mbili

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kwenda Guangzhou kufuata mzigo hana tena haja ya kupanda ngazi za ofisi ya wakala mjini. Anashika simu, anaandika DAR kwenda CAN, anachagua tarehe, na ndani ya sekunde chache safari kumi na kitu zimejipanga kwenye skrini, ya bei ndogo ikiwa juu kabisa. (CAN ndiyo Guangzhou, kifupi kilichobaki tangu enzi za jina la Canton.) Mara nyingi hiyo ya juu ina nembo mbili: shirika moja linamtoa Dar mpaka Dubai, jingine linamtoa Dubai mpaka China.

Kupanda ndege za mashirika mawili si kosa wala si hatari. Watu wamesafiri hivyo miaka mingi. Kuna swali moja tu ambalo skrini huwa inalimumunya: hizo ndege mbili ziko kwenye tiketi moja, au wakala ameuza tiketi mbili tofauti na kuzipanga kwenye ukurasa mmoja?

Kwa macho zinafanana. Malipo ni mara moja, barua pepe ni moja, ratiba ni moja. Tofauti inajitokeza siku ndege ya kwanza inapochelewa. Mwenye tiketi moja anatafutiwa ndege nyingine. Mwenye tiketi mbili, imekula kwake.

Tiketi moja, mashirika mawili

Mashirika ya ndege yana mikataba ya kupokeana abiria na mizigo. Kwa mkataba huo, shirika moja linaweza kutoa tiketi yenye ndege zake na za mwenzake, na kila mmoja akachukua sehemu yake ya nauli. Wengine wanakwenda mbali zaidi, shirika linauza kiti cha ndege ya mwenzake kwa namba yake lenyewe. Emirates na flydubai, kwa mfano, wanashirikiana hivyo tangu 2017.

Halafu kuna miungano mikubwa mitatu. Ethiopian Airlines iko Star Alliance, Kenya Airways iko SkyTeam, Qatar Airways iko oneworld. Lakini muungano si sharti. Emirates haimo katika hata mmoja kati ya hiyo mitatu, na bado ina mikataba na mashirika mengi.

Kwenye tiketi ya namna hii, begi linapimwa Dar na kuonekana tena Guangzhou. Muda wa kuunganisha nao haukupangwa kwa kubahatisha. Kila uwanja una muda wa chini unaokubalika wa kutoka ndege moja kwenda nyingine, na mfumo haupaswi kuuza safari yenye muda mfupi kuliko huo. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, msafiri anapelekwa kwenye dawati la transiti na kupangiwa ndege inayofuata bila kuongeza hela.

Tiketi mbili ndani ya kifurushi kimoja

Aina ya pili ni mpya zaidi. Mtandao wa wakala unachukua ndege ya shirika A na ndege ya shirika B, ambayo pengine hayana mkataba wowote, unaziunganisha na kuuza kama safari moja. Kiwi.com, kampuni iliyoanzishwa Brno, Jamhuri ya Czech, mwaka 2012 kwa jina la Skypicker, ilijijengea jina kwa kazi hiyo hasa. Siku hizi mawakala wengi wa mtandaoni wanafanya hivyo, na ndiyo sababu bei zao wakati mwingine zinashinda hata za shirika lenyewe.

Kinachofanyika hapo kisheria ni rahisi kueleza. Shirika A limeahidi kumfikisha msafiri Dubai, basi. Halijui kama ana safari nyingine. Shirika B linamsubiri Dubai kama abiria yeyote anayetokea mjini. Kati ya hao wawili ni kazi ya msafiri mwenyewe: avuke uhamiaji, achukue begi, atafute kaunta ya shirika B, apime mzigo upya, apite tena ukaguzi. Kaunta nyingi za safari za kimataifa hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, nyingine mapema zaidi. Akifika imefungwa, anahesabiwa kuwa hakutokea, na kwa tiketi nyingi za bei ya chini hela hiyo hairudi.

Mzigo nao una mtego wake. Shirika A linaweza kuruhusu kilo 30, shirika B likaruhusu begi la mkononi tu. Nauli inayoonekana kwenye skrini ni ya kiti. Kilo za pili zinalipiwa pale kaunta, kwa bei ya kaunta.

Viza ndiyo inayowaangusha wengi

Ndege kuchelewa ni bahati mbaya ya siku moja moja. Viza ni tatizo la uhakika, na linaanza kabla hata ya kuondoka nyumbani.

Msafiri mwenye tiketi mbili, kwa macho ya shirika A, ni mtu anayekwenda Dubai. Mfanyakazi wa kaunta pale uwanja wa Julius Nyerere anafungua mfumo na kuona safari inaishia Dubai. Anaomba viza ya Emirati. Msafiri anatoa simu, anaonyesha ratiba yenye Guangzhou, anaeleza kwamba anapita tu. Haisaidii sana, maana begi lazima alichukue, na begi liko upande wa pili wa uhamiaji. Mashirika hutozwa faini yakibeba abiria asiye na nyaraka, kwa hiyo mfanyakazi hana sababu ya kuona haya kumzuia. Viza ya China iko mkononi, hela imelipwa, na safari imekufa hapo hapo Dar.

Emirati wana viza za transiti za saa 48 na saa 96, ila huombwa mapema na kupitia mashirika ya ndege ya huko. Si kitu cha kukimbilia ndege ikishatua. Na hata mwenye viza aangalie jengo: Terminal 2 ya Dubai, inayotumiwa sana na flydubai, iko upande wa pili wa njia za kurukia ukilinganisha na Terminal 1 na 3. Kwa mwenye tiketi moja kuna basi la ndani. Mwenye tiketi mbili anatafuta teksi barabarani na mabegi yake.

London ni ngumu zaidi. Wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Uingereza hata kubadili ndege tu bila kuvuka uhamiaji, isipokuwa wale wenye misamaha maalumu. Wakivuka, wanahitaji viza ya aina nyingine. Nchi za Schengen zina utaratibu wao: Mkongomani wa DRC anadaiwa viza ya transiti hata akibaki ndani ya uwanja, wakati Mkenya na Mtanzania hawamo kwenye orodha hiyo ya pamoja. Lakini ruhusa hiyo ni ya kubaki ndani. Tiketi mbili zikimlazimu Mtanzania huyo kutoka Amsterdam au Frankfurt kufuata begi, anahitaji viza kamili ya Schengen. Marekani hakuna mjadala kabisa. Kila anayetua huko anapita uhamiaji na kuchukua begi lake kwenye uwanja wa kwanza, awe na tiketi moja au tano, kwa hiyo viza ni lazima.

Kuna pia safari zinazobadili uwanja. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Turkish Airlines kutoka Dar au Nairobi inatua uwanja mkubwa wa IST, upande wa Ulaya, na ndege nyingi za bei ndogo za Pegasus zinaondokea Sabiha Gökçen, SAW, upande wa Asia. Mtu akiona "Istanbul" mara mbili kwenye ratiba anadhani ni mahali pamoja. Heathrow na Gatwick ni hivyo hivyo, zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Herufi tatu za uwanja wa kutua na za uwanja wa kuondokea zilinganishwe kabla ya kulipa. Inachukua sekunde tano.

Nairobi, kwa upande mwingine, haina shida ya namna hii kwa Mtanzania, wala Dar kwa Mkenya. Raia wa nchi hizo mbili wanavuka mpaka bila viza, na kuchukua begi na kulipima upya ni usumbufu wa miguu tu.

Kusoma namba

Namna ya kujua tiketi ni ngapi iko ndani ya barua pepe ya wakala, lakini imejificha kati ya namba za aina tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni namba ya oda ya wakala. Hiyo ni ya duka lake tu. Ukiipeleka kwa shirika la ndege hawaioni popote.

Ya pili ni namba ya buking ya shirika, herufi na tarakimu sita. Hii ndiyo inayofungua safari kwenye tovuti ya shirika. Hapa watu hukosea kwa kudhani kwamba wakiona namba mbili za buking basi tiketi ni mbili. Si lazima. Mashirika mawili yenye mkataba yanaweza kila moja kuwa na namba yake kwenye mfumo wake, na tiketi ikabaki moja.

Ya tatu ndiyo yenye jibu: namba ya tiketi, tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni utambulisho wa shirika lililotoa tiketi. Emirates ni 176, Qatar Airways 157, Ethiopian 071, Kenya Airways 706, Turkish 235. Kama ndege zote za safari zinabeba namba hiyo hiyo moja, tiketi ni moja, hata nembo ziwe tatu. Kama ndege ya Dubai ina namba inayoanza na 176 na ya kuendelea ina namba nyingine inayoanza na tarakimu nyingine, hizo ni mbili. Kuna hali moja ya kuchanganya: tiketi moja hubeba ndege zisizozidi nne, hivyo safari ya ndege tano au sita hupewa namba mbili zinazofuatana. Zikifuatana, tulia, bado ni safari moja. Mashirika mengi ya bei ndogo hayatoi namba ya tarakimu 13 kabisa, yanatoa buking tu. Hiyo yenyewe ni dalili kwamba ndege hiyo imesimama peke yake.

Tatizo ni kwamba namba hizi huja baada ya kulipa. Kabla ya hapo, ushahidi uko kwenye maandishi madogo. Ukiona maneno ya Kiingereza "self transfer", au maelezo kwamba utachukua na kupima mizigo upya, au dhamana ya kuunganisha inauzwa kama nyongeza, hizo ni tiketi mbili. Kama hakuna kilichoandikwa, njia ya kupima ni kufungua tovuti ya shirika la ndege ya kwanza na kutafuta safari ile ile mpaka mwisho. Shirika likikubali kuiuza yote, kuna mkataba. Likisema halifiki huko, wakala ameunganisha mwenyewe.

Na wale wanaotumia Skyscanner, Google Flights au Kayak wakumbuke hao kwa kawaida ni watafutaji, si wauzaji. Wanaonyesha bei kisha wanamkabidhi msafiri kwa mtu mwingine. Anayepaswa kukaguliwa ni huyo aliyepokea hela.

Ratiba ikibadilika

Tiketi iliyonunuliwa kwa wakala iko chini ya wakala. Msafiri akipiga simu kwa shirika kuomba tarehe nyingine, jibu analopewa mara nyingi ni arudi alikonunua. Huo si ukorofi wa mtu wa simu. Ndivyo tiketi ilivyotolewa. Safari ikishaanza, au mvurugiko ukitokea pale uwanjani, shirika ndilo linaloshika hatamu.

Shirika likisogeza saa ya ndege, taarifa inakwenda kwa wakala kwanza. Wapo mawakala wanaoweka barua pepe yao kwenye buking badala ya ya msafiri, na ujumbe unalala huko. Dawa yake ni ndogo: baada ya kulipa, fungua tovuti ya kila shirika kwa namba ya buking, weka simu na barua pepe yako mwenyewe, kisha rudi kuangalia saa kila baada ya siku kadhaa.

Kwa tiketi mbili, mabadiliko ya saa ni balaa la kimya. Shirika A likisogeza ndege kwa saa tatu, linatimiza wajibu wake kwa kutoa chaguo la kurudishiwa nauli ya kipande chake. Shirika B halijabadili chochote, kwa hiyo halidaiwi chochote.

Dhamana zinazouzwa na mawakala zipo kwa ajili ya hapo, na nyingine ni nzuri. Lakini ni ahadi ya wakala, si ya shirika. Kwa kawaida inadai msafiri awajulishe mara tu tatizo linapotokea na asubiri wao wamtafutie suluhisho. Akijinunulia tiketi kwanza anaweza kukosa fidia. Kukataliwa kwa kukosa viza kwa kawaida hakumo. Maana yake ni kwamba mtu aliyekwama usiku anahitaji simu yenye chaji na intaneti katika nchi ya watu.

Tiketi mbili zina faida moja ambayo haisemwi sana. Kwenye tiketi moja, ukiacha kupanda ndege ya kwanza, zilizobaki zote zinafutwa. Kwenye tiketi mbili, aliyekosa ndege ya Dar anaweza kutafuta njia nyingine ya kufika Dubai na bado akaikuta ya pili inamsubiri.

Lini zinafaa

Kwenda kwa shirika moja na kurudi kwa jingine, kila upande na tiketi yake, hakuna ubaya. Hakuna ndege inayosubiri nyingine. Afisa wa uhamiaji akiuliza tiketi ya kurudi, aonyeshwe ya pili. La kukumbuka ni kwamba kufuta moja hakufuti nyingine.

Tiketi mbili kwa upande mmoja zinafaa kwa mtu mwenye begi la mkononi tu, anayepita nchi asiyohitaji viza, na mwenye saa nyingi katikati, ikiwezekana usiku mzima. Mwenye mabegi mawili ya kilo 23, saa mbili na nusu za kubadili ndege, na pasi inayohitaji viza Dubai, hana biashara hapo hata bei ishuke vipi. Hesabu yake si tofauti ya nauli. Ni tofauti ya nauli dhidi ya bei ya tiketi ya njia moja iliyonunuliwa siku hiyo hiyo, jumlisha hoteli, jumlisha viza.

Sheria inapolinda

Ulaya kuna kanuni ya 2004, inayotumika tangu 2005, inayompa abiria fidia ya kati ya euro 250 na 600 kwa ucheleweshaji mkubwa. Inahusu ndege zinazoondokea Umoja wa Ulaya, na zile zinazoingia huko zikiendeshwa na mashirika ya Ulaya, kama KLM ya Dar kwenda Amsterdam. Oktoba 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi inayogusa jambo hili moja kwa moja. Abiria alikuwa anatoka Stuttgart kwenda Kansas City kupitia Zürich na Philadelphia, ndege ya kwanza ya Swiss, mbili zilizofuata za American Airlines, zote zikiwa zimeunganishwa na wakala wa safari. Alifika na ucheleweshaji wa zaidi ya saa nne. Shirika lilidai ndege zake hazikuwa sehemu ya safari moja na ile ya Swiss. Mahakama ilikataa: wakala akiunganisha ndege, akatoza bei moja ya jumla na kutoa tiketi moja, hiyo ni safari moja hata kama mashirika hayana uhusiano wa kisheria. Neno lenye uzito pale ni "tiketi moja".

Kwa huku kwetu kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Pale ambapo safari ya mashirika kadhaa imechukuliwa na pande zote kuwa safari moja, begi likipotea msafiri anaweza kudai kwa shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa nalo lilipopotea. Hakuna kurushwa kama mpira. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mizigo ni SDR 1,519 kwa abiria, takriban dola 2,000. Begi lililoharibika liripotiwe kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu lilipopatikana.

Madai hayo yote yanaanzia kwenye kile kikaratasi cha mzigo kinachobandikwa nyuma ya pasi ya kupandia ndege. Pale kaunta ya Dar, kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, kisomwe. Kikiandikwa CAN, begi linakwenda Guangzhou. Kikiandikwa DXB, linashuka Dubai, na mwenye nalo aulize hapo hapo, wakati bado yuko upande wa nyumbani.